Redio si yangu

Mafuta yalikuwa yakichemka upande wa pili wa simu. Nilisikia andazi likitumbukizwa, tss, kisha jingine, tss, na juu ya mlio huo sauti ya mwanamke iliyochangamka kuliko kawaida ya saa moja na nusu asubuhi: "Haloo? Ni kuhusu ile kazi?"

Haikuwa kuhusu kazi.

Ilikuwa 2010, nina miaka 22, mwanagenzi kwenye kituo kimoja cha redio huku Pwani ambacho sitakitaja. Nililipwa nauli. Kazi yangu ilikuwa kumpata mtu wa pili. Mtu wa kwanza alijileta mwenyewe: mume aliyeachwa, dada aliyekosana na dadake, kijana anayedai mahari yarudishwe. Alituma ujumbe usiku, akaomba tumpatanishe. Mtu wa pili hakuwa na habari. Mimi ndiye niliyempigia, nikamwamkia vizuri, nikamwambia "subiri kidogo dada, kuna mtu anakutafuta," nikabonyeza kitufe, naye akawa hewani.

Mwanamke wa maandazi alikuwa ameacha jina na nambari yake kwenye kampuni moja ya Changamwe wiki hiyo hiyo. Asubuhi inaingia simu asiyoijua, sauti ya kike, nadhifu, inamwita dada. Ungefikiri nini wewe?

Mtangazaji alicheka. Sote studioni tulicheka. Kisha mumewe akaingia kwenye laini, akamwita kwa jina la mtoto wao, na mafuta yakabaki yakichemka peke yake kwa muda ambao kwenye redio ni mrefu mno.

Simu ikaanza kurudisha mwangwi. Tukajisikia wenyewe, tumechelewa kidogo, tukicheka tena. Maana yake kulikuwa na redio karibu yake, imefunguliwa kwetu. Fundi wa mitambo akazungusha vidole hewani kama mtu anayepunguza sauti, na mtangazaji akatamka ile sentensi tuliyoisema kila asubuhi mpaka ikakosa maana: "Dada, punguza sauti ya redio yako."

Akajibu polepole sana.

"Redio si yangu."

## Nipe mbinu

Wiki saba zilizopita binti wa kaka yangu alinitumia ujumbe wa sauti. Amepata kazi kwenye chaneli moja ya YouTube inayokutanisha watu waliokosana: wapenzi, baba na mwana, marafiki waliodhulumiana pesa za chama. Yeye ndiye wa kutafuta wageni. "Shangazi, si uliwahi kuifanya hii kazi? Nipe mbinu. Watu wanakataa kuja."

Sikumjibu siku hiyo, wala wiki hiyo.

Mbinu ninazo. Ziko kwenye kaunta buku la jalada jeusi ambalo nimehama nalo nyumba nne bila kujua kwa nini. Nililitoa kwenye katoni usiku ule. Kila ukurasa una safu tatu: jina, nambari, na herufi moja. Herufi zilikuwa tatu. L ni mlizi, analia upesi. M ni mkali, atatukana, kaa na kidole kwenye kitufe. B ni bubu, usimrudie. Pembeni tuliweka nyota, moja mpaka tatu, kwa kadiri simu ilivyopokelewa na wasikilizaji. Kenya imekuwa na sheria ya kulinda data tangu 2019, kwa hiyo leo daftari kama lile ni kesi. Wakati ule lilikaa mezani karibu na kopo la sukari, na aliyetaka alifunua.

Mwanamke wa maandazi ana L na nyota tatu. Chini yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nimeandika: *arudiwe wk ijayo*.

Hakurudiwa. Ijumaa tulicheza kipande chake tena kwenye yale bora ya wiki.

## Tarehe 2 Mei

Nilipokuwa natafuta cha kumjibu mpwa wangu nilijikuta nimezama kwenye mambo ya Waingereza. Kipindi cha Jeremy Kyle wengi tunakijua kwa vipande vya YouTube: mtu anaingia mbio, mwingine anainuka kitini, walinzi wenye shingo nene wanaingia kati, na Kyle amechuchumaa kwenye ngazi akimnyooshea mtu kidole. Kilianza kwenye televisheni ya ITV mwaka 2005, asubuhi za siku za kazi, na hadi 2019 kilikuwa kimepita vipindi 3,000. Mwaka 2007 jaji mmoja wa Manchester, Alan Berg, aliletewa kesi ya mgeni aliyempiga mwenzake kichwa mbele ya kamera. Jaji alikifananisha kipindi na ule mchezo wa kale wa kwao wa kumfunga dubu na kumwachilia mbwa, watu wakitazama. Ila safari hii dubu ni binadamu. Kipindi kikaendelea miaka mingine kumi na zaidi.

Tarehe 2 Mei 2019 alifika studioni mwanamume wa miaka 63. Mchumba wake alimshuku kuwa ana mwingine, naye alitaka mashine ya kupima uongo imsafishe. Hakushawishiwa wala kudanganywa kuhusu kinachomngoja. Alibembeleza kupokelewa. Mwanzoni alikataliwa kwa sababu alikuwa na sonona, akarudi na barua ya daktari.

Hapo niliacha kusoma nikaenda kuinjika chai.

Maana huyu ndiye mgeni ambaye hoja zangu zote zilikuwa hazimjui. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuandika kuhusu watu wa aina ya mwanamke wa maandazi, wanaoviziwa. Huyu alibisha hodi mwenyewe, akarudi akabisha tena. Alikubali, akatia saini, akaleta na barua. Ukisema hakuwa na ridhaa unamtukana. Ukisema alikuwa nayo basi mjadala umekwisha, nami nilihisi haujaisha.

Mashine ilisema anadanganya. Watazamaji walimzomea. Kyle alimwambia, pamoja na mengine, kuwa asingemwamini hata na kidonge cha chokoleti. Tarehe 9 Mei alikutwa amefariki chumbani kwake Portsmouth. Kipindi hicho hakikurushwa. Tarehe 13 ITV ilisimamisha matangazo, na tarehe 15 programu nzima ikafutwa.

Uchunguzi wa kifo ulihitimishwa Septemba 2024, miaka mitano baadaye. Afisa aliyeuongoza, Jason Pegg, aliamua kuwa yule bwana alijiua, na kwamba hakukuwa na uhusiano wa wazi na wa kutegemeka kati ya yaliyompata kipindini na kifo chake. Alikuwa na historia ndefu ya maradhi ya akili. Inawezekana kipindi kilimwongezea dhiki, lakini kuwezekana hakukutosha kuwa ushahidi.

Nitasema ukweli: nilitaka aseme kipindi ndicho.

Si kwa ajili ya marehemu. Kwa ajili yangu. Kama wao walikuwa na hatia basi ningejua uzito wangu ni kiasi gani, ningeupima kwa wao. Afisa yule hakunipa jiwe la mizani. Nilikaa na uamuzi ule siku kadhaa, na nilichokiona mwishoni ni kwamba aliulizwa swali la sheria, ni nini kilichosababisha kifo, akalijibu kwa uangalifu. Swali ninalolipeleka mimi kwenye daftari langu ni jingine kabisa. Mtu anaweza kuwa hakufa kwa sababu yako na bado ukawa umemtenda vibaya. Mwanamke wa maandazi, kwa ninavyojua, yu hai.

## Mashine ya Waingereza na yetu

Ile mashine haipimi uongo. Inapima mapigo ya moyo, pumzi na jasho la mtu aliyeulizwa swali. Mtu anayeogopa kumpoteza mwenzake ana kila sababu ya kutoka jasho. Mwaka huo huo wa 2019 wabunge wa Uingereza waliwaita watayarishaji wa kipindi na kuwauliza mashine yao ni sahihi kwa kiwango gani, na watu waliokuwa wametumia majibu yake kuvunja na kujenga nyumba za watu kwa miaka yote ile hawakuwa na jibu la kuwapa.

Siwacheki. Na sisi tulikuwa na mashine yetu, tena haikuhitaji umeme. Ilikuwa kimya. Mtu wa pili akinyamaza kwa sekunde tatu, mtangazaji anashusha sauti: "Wasikilizaji, kimya hicho mmekisikia." Hapo hukumu imepita. Hakuna aliyeuliza kama amenyamaza kwa hatia, au kwa mshtuko, au kwa sababu mteja amesimama mbele yake na noti ya mia mkononi.

Yule mama alinyamaza mara mbili. Ya pili ilikuwa baada ya mumewe kumwomba aseme mbele ya watu kosa lake ni lipi. Akasema, "Mwambie yeye aeleze kilichompata mtoto." Mtangazaji akasogea kwenye maikrofoni. Nilimwona. Watu wa redio wanaujua msogeo huo, ni wa paka aliyesikia kitu darini. "Kilimpata nini mtoto, dada? Sema, uko na familia yako hapa."

"Kuna watu," alisema. "Kuna watu hapa wananunua."

Na redio ile isiyo yake ikarudia maneno hayo nyuma yake, kwa sauti yake, kwa wateja wake.

## Wajibu unaishia wapi

Kesi niliyoirudia mara nyingi zaidi ni ya Marekani. Machi 1995, mjini Chicago, kipindi cha Jenny Jones kilimwalika kijana mmoja kutoka Michigan aje akutane na mtu anayempenda kwa siri. Alikuja akitumaini ni mwanamke. Alikuwa mwanamume, tena mtu anayefahamiana naye. Watazamaji walishangilia, kijana akacheka kwa haya, wakarudi kwao. Siku tatu baadaye kijana alinunua bunduki akaenda kumuua yule mwanamume.

Muuaji ni muuaji. Chuki aliyokuwa nayo haikupandwa studioni, na sitaki kuipunguza kwa kuigawa. Lakini familia ya marehemu ilikishtaki kipindi, na mwaka 1999 wazee wa baraza la mahakama waliamuru walipwe dola milioni 25. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa ya Michigan ilifuta malipo hayo. Sababu yake ndiyo iliyonikaa kooni. Wajibu wa kipindi kwa marehemu, walisema majaji, kama ulikuwapo, ulikuwa ule wa mwenye biashara kwa mtu aliyemwalika mahali pake. Na ulikwisha siku tatu kabla ya mauaji, pale alipotoka studioni kwa amani.

Alipotoka mlangoni.

Kwa sheria sina ubishi. Majaji wanajua kazi yao, na kama kila mwenye mlango angeshtakiwa kwa yanayotokea siku tatu baadaye, milango yote ingefungwa. Lakini nimesoma uamuzi huo nikiwa Mswahili, na mtu anayeitwa studioni kwa Kiswahili jina lake ni mgeni. "Mgeni wetu asubuhi ya leo." Tunalitamka kila siku bila kulisikia. Mgeni ana maji kabla hajaulizwa kilichomleta. Mgeni haulizwi mambo ya chumbani mbele ya watoto. Na mgeni akiaga, humwachi mlangoni. Unavaa ndara, unatoka naye, mnakwenda mkizungumza mpaka kwenye kona au kituo cha matatu, ndipo unageuka.

Kila aliyelelewa katika nyumba zetu anajua kuwa neno lenyewe lililomleta mgeni mara nyingi hutoka huko njiani. Ndani amekaa saa mbili akisifia pilau. Nje, mmeshapita duka la pili, ndipo anasema: unajua, dada yangu, nina jambo.

Sisi hatukumsindikiza mtu hata mmoja. Mwanamke wa maandazi nilimwambia, "Asante dada kwa muda wako, uwe na siku njema," nikamkata, kwa kuwa laini ya pili ilikuwa inawaka. Alibaki na karai la mafuta ya moto na wateja waliokwisha kujua. Sijui alimaliza kukaanga ule unga. Katika yote, hilo ndilo linalonirudia zaidi: nusu ya unga ulioumuka, na watu wamepanga foleni wakimtazama.

Waingereza hawakuwa kama sisi, lazima niseme. Kyle alikuwa na kitengo kizima cha kuwahudumia wageni baada ya kurekodi, na mtaalamu wake wa tiba ya kisaikolojia alionekana kwenye skrini. Baada ya kifo kile mdhibiti wao, Ofcom, alitunga kanuni zilizoanza kutumika Aprili 2021: mtangazaji awajali washiriki wanaoweza kudhurika na awaeleze mapema hatari iliyopo. Ni jambo jema. Ila wafanyakazi wa zamani wa kipindi walipohojiwa kwenye televisheni walisimulia jinsi wageni walivyopandishwa hasira nyuma ya pazia kabla ya kuingia jukwaani. Mkono mmoja unachochea, mwingine umeshika beseni la maji. Na marehemu Jerry Springer, aliyekuwa meya wa Cincinnati kabla ya kuwa bwana wa viti vinavyoruka, alimaliza vipindi vyake kwa kuhimiza watu wajitunze na watunzane. Alisema hivyo akiitazama kamera.

## Lakini na sisi tunasutana

Nilipofika hapa nikajisikia mwema, na mtu akijisikia mwema ni vizuri achunguze mifuko yake.

Aibu ya hadharani haikuja kwetu kwa meli. Sisi tunasutana. Mtu akikusengenya unakusanya wenzako, mnavaa leso za sare zenye jina la kumchoma, mnakwenda mpaka barazani kwake na ngoma ikipatikana, mnamwaga yote mtaa mzima ukisikia. Watu wanaweka vyungu chini waende kutazama. Kama televisheni ya asubuhi ingezaliwa kwetu ingeanzia hapo.

Nilijaribu kujiambia kuwa kusutwa ni tofauti. Aliyekusuta ulimjua kwa jina la mamake, kesho mtakutana kisimani, keshokutwa atakuletea sahani ya futari. Aibu ile ilikuwa na majirani wa kuizika. Nikapenda hoja hiyo, nikamsomea mamangu kwenye simu.

Mamangu akanyamaza kidogo. "Bibi yako alisutwa mara moja," akasema. "Mpaka anakufa hakuwahi kupita tena ule uchochoro."

Basi hoja hiyo nimeiacha hapa kama ilivyo, imevunjika mguu.

Na mamangu huyo huyo alikuwa msikilizaji wetu. Hakukosa hata siku moja. Baba alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mwepesi, na mama anasema kipindi chetu kilimfundisha kitu ambacho msikiti, jamaa na wazee wa mtaa hawakumfundisha: kwamba hayuko peke yake. Wanawake wengine walisema kwa sauti yale aliyokuwa akiyameza. Siwezi kulifuta hilo kwa kuwa linaniharibia makala. Kuna bwana mmoja pia alitufuata studioni na mkungu wa ndizi kutoka Taveta, yeye na mkewe, kushukuru. Tulizila zile ndizi siku tatu.

Ninachojiuliza ni kama mama alihitaji yule mwanamke awe hewani bila kujua ili apate faraja hiyo. Angeweza kuulizwa jana yake. Angeweza kuambiwa: mumeo ametupigia, anataka kuzungumza nawe redioni, watu wengi watasikia, unataka? Sentensi moja tu, kwa sauti ile ile nadhifu. Wengi wangekataa, na hiyo ndiyo sababu hatukuuliza. Waliokubali wangekuja wamejipanga, na mtu aliyejipanga halii haraka.

Nyota tatu hazitoki kwa aliyejipanga.

Hata kwa yule bwana wa Portsmouth nadhani ndipo lilipo jibu langu, kama ninalo. Hakuviziwa, lakini kulikuwa na mtu wa simu katikati, kama nilivyokuwa mimi, daima yupo. Mgeni hamjui Kyle wala mtangazaji wetu. Anamjua yule binti aliyempigia mara sita wiki hii, aliyemuuliza hali ya mguu, anayemwita kwa jina. Ridhaa yake ameitoa kwa huyo. Na huyo, katika jengo lote, ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote na hana ruhusa ya kusema: huyu tusimpandishe. Mtu anayebisha kwa nguvu namna ile, na barua mkononi, mwenye nyumba mwenye busara angemkaribisha ndani, angempa chai, na asingemwonyesha kwa wageni wengine.

## Tarakimu kumi

Nambari yake ninayo. Tarakimu kumi kwa wino wa buluu, zinasomeka vizuri.

Nimefikiria kumpigia. Nimepanga hata maneno. Kisha najiona: saa moja na nusu asubuhi, au hata saa kumi jioni, simu asiyoijua, sauti ya kike inayomwita dada, inamkumbusha siku ambayo pengine amefanya kazi miaka kumi na zaidi kuisahau. Huenda yuko na mume yule yule, na wameapa kutolitaja. Huenda ana mume mwingine asiyejua. Huenda mtoto yule, ambaye sasa ni mtu mzima, ndiye atakayepokea. Ningekuwa ninamvizia tena, safari hii kwa ajili ya nafsi yangu, ili mimi nipate usingizi.

Nilimwuliza yule fundi wa mitambo, tunaandikiana mara mojamoja, kama anamkumbuka. Alijibu baada ya siku mbili. Hamkumbuki. Anakumbuka mwangwi tu, kwa sababu ulimharibia rekodi.

## Jumamosi

Mpwa wangu alikuja mwenyewe Jumamosi iliyopita, amechoka kunisubiri. Nilimpa daftari. Alilifunua akiwa amekaa kwenye mkeka, akipitisha kidole juu ya safu kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya matokeo.

"L ni nini, shangazi?"

Nikamwambia. Akacheka, kisha akaacha.

Nikamsimulia habari ya maandazi, yote, pamoja na mwangwi. Alisikiliza vizuri, ni mtoto msikivu tangu zamani. Mwisho akauliza jambo ambalo sikuwa nimejiuliza hata mara moja kwa wiki saba: "Na ile kazi? Aliipata?"

Sikujua.

Nikamwambia, sikuwa na kingine cha kumwambia, kwamba kabla hajampandisha mtu amwambie kila kitu, nani atakuwepo na ataulizwa nini, na akikataa amwache. Na baada ya kurekodi atoke naye nje, amfikishe hata barabarani. Aliitikia. Akasema bosi wake anataka wageni wanane kwa wiki. Akasema kwa mwezi analipwa kiasi fulani, nami nikajua kodi yake ni kiasi gani, nikanyamaza.

Alipoaga nikavaa ndara nikatoka naye. Jua lilikuwa limeanza kulegea, wauza viazi karai wanawasha majiko. Tulikuwa tumepita duka la pili simu yake ilipolia. Akaitazama, akanionyesha kidole cha samahani, akajitenga hatua mbili.

"Haloo, dada yangu!" akasema. Sauti ilikuwa nadhifu, imejaa asali, sijawahi kumsikia akiitumia nyumbani. "Umeshindaje? Na mguu unaendeleaje?"